Bafa ya Kutolea Data Inapojaa

Draiva huunganisha programu na kifaa, kwa mfano printa ya siriali, ambayo hupokea biti moja baada ya nyingine. Programu huandika haraka kuliko printa inavyopokea. Kwa hiyo draiva huweka herufi kwenye bafa, yaani sehemu ya kumbukumbu ambamo herufi husubiri zamu.

Mfano: Laini hupeleka biti 9,600 kwa sekunde. Kila herufi hutumia biti 10: 1 ya kuanzia, 8 za data na 1 ya kumalizia. Bafa tupu ina nafasi 1,024. Programu inaleta herufi 1,984 kwa mkupuo. Zilizozidi zitasubiri muda gani ili zote zipate nafasi?

Jibu:
Kasi = 9,600 ÷ 10 = herufi 960 kwa sekunde
Zilizozidi = 1,984 − 1,024 = 960
Muda = 960 ÷ 960 = sekunde 1

Draiva ina njia mbili:
(a) kuisimamisha programu hadi nafasi ipatikane;
(b) kupokea 1,024 na kuijulisha programu idadi hiyo, ili ilete zilizobaki baadaye.

Angalizo: Usiandike kwamba draiva "hufuta zilizozidi". Ikizitupa kimyakimya, programu itaamini kazi imekamilika, kumbe orodha ya matokeo imechapwa bila baadhi ya majina.