Damu ya Mgonjwa wa Saratani ya Mapafu na Kinga ya Mwili Wake

Somo letu safari hii linaeleza sababu mojawapo inayomfanya mgonjwa wa saratani ya mapafu kupungukiwa na kinga ya mwili, japokuwa jamaa zake wanamtunza kwa chakula kizuri.

Protini iliyomo katika samaki, maziwa, kunde na choroko humeng'enywa tumboni ikawa vipande vidogo viitwavyo asidi amino. Vipande hivyo ni vya aina 20, na aina 9 kati yake mwili wa mtu mzima hauwezi kuzitengeneza. Lazima zitokane na chakula. Damu huvichukua na kuvifikisha katika kila kiungo. Chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, huvihitaji ili ziongezeke na kupambana na maradhi.

Aina moja, triptofani, imechunguzwa sana. Uvimbe wa saratani huweza kutoa kimeng'enya kinachoivunja triptofani na kuigeuza kuwa kinurenini. Uchunguzi wa damu ya wagonjwa wa saratani ya mapafu umeonyesha triptofani imepungua na kinurenini imezidi. Hasara hapo ni mbili: askari hukosa masurufu, na kinurenini yenyewe huwalegeza.

Mwaka 1998 wataalamu nchini Marekani, wakichunguza panya wenye mimba, waligundua kuwa kimeng'enya hicho hicho hukilinda kijusi kisishambuliwe na kinga ya mama. Saratani basi hujificha nyuma ya ngao iliyowekwa kwa ajili ya mtoto. Dawa za kukizuia zilitiwa matumaini makubwa, lakini jaribio kubwa lililotangazwa mwaka 2018, kwa wagonjwa wa saratani ya ngozi, halikuleta faida iliyotarajiwa.

Kwa hivyo, wananchi wanashauriwa yafuatayo. Mgonjwa asinunuliwe unga wa asidi amino bila ya ushauri wa daktari, kwani unga huo haukizuii kimeng'enya. Wala asinyimwe chakula kwa kudhani kuwa uvimbe utakufa njaa. Atakayetangulia kudhoofika ni mgonjwa mwenyewe. Mwenye kikohozi kinachozidi wiki mbili, au anayekohoa damu, aende hospitali mapema. Na mvutaji wa sigara aache leo, kwani tumbaku ndiyo chanzo kikubwa cha maradhi haya.