SOMO: DARAJA LIKIJA, GATI HUENDA WAPI?



Huenda mwanachama akauliza: mkulima wa karafuu na daraja, wapi na wapi? Jawabu ni kuwa karafuu zetu hazina soko mpaka zivuke maji. Basi kila kinachobadili njia ya maji chatugusa nasi.

Nilipokuwa Mang'ula, katika bonde la Kilombero, mwenyeji wangu, mzee mkulima wa mpunga, alinieleza habari za mto wao. Zamani aliyetoka Mahenge kwenda Ifakara alivuka mto Kilombero kwa kivuko. Magari yalipanga foleni, na Januari 2016 kivuko kilipinduka. Kisha likaja Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, likafunguliwa rasmi Mei 2018. Sasa gari la mpunga halingoji kivuko. "Lakini, mwanangu," akasema mzee, "wale waliokuwa wakiuza chakula na kupakia mizigo pale kivukoni, riziki yao ilikuwa kule kungoja."

Hapo ndipo penye somo. Daraja huugeuza mzigo njia, na palipokuwa pa kutua pakawa pa kupita tu.

Hayo ni ya mtoni. Baharini kuna jambo la pili, nalo ni meli zitapita wapi. Mombasa ina daraja la Nyali: la kwanza, la kuelea, lilijengwa 1931, na la sasa likafunguliwa 1980. Lakini Likoni watu wameendelea kuvuka kwa feri, kwani ule ndio mlango wa Kilindini, na daraja la chini lingeifunga bandari. Daraja la kuelea la waendao kwa miguu, lililofunguliwa Liwatoni mwaka 2021, liliwekewa kipande cha kufunguka: meli ilipokuja, watu walisimama. Dar es Salaam walichagua njia nyingine. Daraja la Kigamboni, la mita 680, lililofunguliwa 2016, limewekwa ndani zaidi ya gati kubwa, basi meli za bandarini hazina haja ya kupita chini yake.

Jambo la tatu ni kupambwa kwa ufuko. Tutazame Forodhani, Unguja. Jina lenyewe lasema: palikuwa na forodha. Leo ni bustani ya kupunga upepo. Kazi ya bandari haikupotea, kwa kuwa gati ya Malindi ilijengwa miaka ya 1920, na bustani ikafuata miaka ya 1930. Kwanza gati, kisha bustani. Ikipinduliwa tartibu hiyo, magunia hukosa pa kuwekwa.

Basi mwanachama akisikia kuwa ufuko wa kwao utajengwa, ikiwa Wete, Mkoani au kwengineko, na aulize mambo matatu:

1. Maji ya bamvua yakijaa, mlingoti wa jahazi utapita chini ya daraja?
2. Ghala na wachukuzi watahamia wapi?
3. Gati mpya itakuwa tayari kabla ya kuvunjwa ya zamani?

Yapasa kuuliza kabla nguzo hazijasimikwa. Nguzo ikisha simama, mkulima hubaki kulipa nauli ya njia ndefu, na nauli hiyo hutoka katika bei ya karafuu zake.

Wabillahi tawfiq.

Katibu