"Pasta, Hiyo Filamu Umeiona?"

Maandiko: Matendo 17:16-34, Matendo 19:23-41, Luka 8:1-3



Leo naanza na kosa langu mwenyewe. Kijana mmoja wetu alinijia baada ya ibada, watu wakipanga viti, akaniuliza: "Pasta, ni kweli Yesu alifanywa Mungu kwa kura?" Alikuwa ameona The Da Vinci Code kwa simu ya rafiki yake. Filamu yenyewe ni ya 2006, lakini kwa simu filamu haizeeki. Nikamwambia, "Hiyo ni kazi ya adui, ifute." Akaniuliza, "Umeiona?" Sikuwa nimeiona. Nikajifanya kuna mtu ananiita mlangoni. Jumapili iliyofuata hakuja. Wala ile nyingine.

Mimi nimesomea biashara, ningepaswa kujua. Mtu akija dukani kuulizia kitu ukamfukuza, haja yake haijaisha. Ataenda duka la pili, na hapa Mtongwe duka la pili haliko mbali. Hilo swali la kura nimelisikia mwenyewe kwenye mihadhara huku Likoni, na jirani zetu Waislamu wanaoliuliza siwalaumu. Wamesoma. Sisi ndio tunaenda mikono mitupu.

Mwangalie Paulo kule Athene. Roho yake ilichukizwa na sanamu, Biblia haifichi hilo. Lakini hakuvunja kitu. Alizunguka mjini akiangalia madhabahu zao, akasoma maandishi ya moja, na aliposimama Areopago akaanzia hapo hapo, hata akataja maneno ya washairi wao. Halafu fungua sura ya 19, Efeso. Demetrio mfua fedha anaona soko lake linaharibika, anawachochea mafundi wenzake, na mji mzima unapiga kelele kama saa mbili. Luka anasema wengi wao hawakujua hata wamekusanyikia nini! Mimi ninayehubiri siku ile nilikuwa Mwefeso, manake nililaani kitu nisichokijua.

Na kelele huuza. Mnakumbuka ile filamu ya Rafiki, ya Wanuri Kahiu? Bodi ya Uainishaji wa Filamu iliipiga marufuku Aprili 2018. Septemba Mahakama Kuu ikaruhusu ionyeshwe kwa siku saba tu, na kumbi za Nairobi zikajaa. Sizungumzii maudhui yake hapa, msimamo wetu mnaujua. Nasema tu kwamba hakuna kampuni ingeweza kulipia tangazo kama lile.

Basi nikaiangalia The Da Vinci Code, usiku mbili, halafu nikakaa na vitabu. Nawapa nilichokipata.

Filamu hiyo, iliyotoka kwenye riwaya ya Dan Brown ya 2003, inafanya ionekane kwamba Yesu alikuwa mtu tu mpaka mtawala Konstantino alipoita mkutano wa Nikea mwaka 325. Mkutano ulikuwepo kweli. Lakini ugomvi ulikuwa juu ya Ario wa Aleksandria, na Ario hakusema Yesu ni mtu wa kawaida. Alisema Mwana ameumbwa kabla ya vitu vyote. Kati ya maaskofu wapatao 300, waliokataa kabisa kutia sahihi walikuwa wawili. Hiyo si kura ya kubanana.

Tena, Nikea ilikuwa katika mkoa wa Bithinia, Uturuki ya leo. Miaka 200 hivi kabla ya mkutano huo, mwaka 112 au karibu na hapo, gavana wa mkoa huohuo, Plinio, alimwandikia mfalme wake Trayano kuhusu Wakristo aliowakamata. Akaeleza kwamba hukutana alfajiri na kumwimbia Kristo kama Mungu. Huyu si mchungaji wala si rafiki yetu, ni mtu aliyekuwa akiwaua. Na Wafilipi sura ya 2 iliandikwa hata kabla ya Plinio kuzaliwa, au alipokuwa mtoto.

Sasa upande wa pili, ambao uliniumiza. Filamu inasema kanisa lilimchafulia Mariamu Magdalene jina kwa kumwita kahaba. Nikafungua Luka 8 nikitafuta aya ya kujibu. Haipo! Inasema alitolewa pepo saba, na kwamba yeye na wanawake wengine walimhudumia Yesu kwa mali zao. Ni Papa Gregori, mwaka 591, aliyemuunganisha na yule mwanamke mwenye dhambi wa Luka 7. Nami nimehubiri hivyo madhabahuni, mara mbili nikikumbuka, na mkaitikia amina. Kwamba alikuwa mke wa Yesu, hakuna andiko la kuthibitisha. Lakini hili la ukahaba wametusahihisha, na naomba msamaha.

Sisemi kila mtu aitafute hiyo filamu. Kama dhamiri yako inakataa, iache. Wazazi, mtoto wa darasa la nne hana haja nayo. Ila kijana akishaiona, ameshaiona, na kumwambia afute simu hakufuti swali.

Yule kijana nilimtumia ujumbe. Tulikutana karibu na feri, tukakaa ukutani nikamweleza haya yote, nikianza na kwamba siku ile sikuwa nimeiona. Alisikiliza. Halafu akauliza, "Sasa Pasta, nani aliamua vitabu gani viingie kwenye Biblia?"

Nikamwambia hilo silijui vizuri, anipe mpaka Ijumaa.