Mpira Mdogo kwa Misuli Iliyokaza: Mwongozo kwa Wafanyakazi wa Manguredjipa

Kutoka Butembo hadi Manguredjipa ni takribani kilomita 100. Motari, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, anayeipita njia hiyo msimu wa mvua hufika mabega yamempanda hadi masikioni na vidole vimekataa kunyooka. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake na wenzake: mchimbaji wa dhahabu anayeinama majini kutwa nzima, mama anayeteremsha kakao kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso, mwendesha chukudu (baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo), fundi cherehani wa Butembo. Wengi wao jioni hupitia kwanza duka la dawa, wakapigwa sindano ya diklofenaki au wakanunua vidonge vya kutuliza maumivu. Dawa hizo zina kazi yake, lakini kuzitumia wiki baada ya wiki bila kumwona daktari huumiza tumbo na figo, hasa kwa mtu anayetoka jasho jingi na kunywa maji kidogo. Kwa msuli uliochoka ukakaza, mpira mdogo wa kujichulia mara nyingi hutosha.

Mpira unafanya nini

Daktari Janet Travell wa Marekani, aliyemtibu Rais Kennedy, alitoa mwaka 1983 pamoja na David Simons kitabu kikubwa kuhusu sehemu za msuli ambazo ukizibonyeza zinauma, na mara nyingine maumivu yake husikika mbali na pale ulipobonyeza. Ndivyo motari anavyobonyezwa juu ya bega, akasema kichwa ndicho kinachouma. Wataalamu bado wanabishana kuhusu kilichomo ndani ya sehemu hizo, ila jambo moja linaeleweka zaidi siku hizi: mpira hauvunji vifundo wala haunyooshi nyama. Mgandamizo wa taratibu hupunguza ukali wa habari za maumivu zinazopelekwa na neva, msuli unalegea, kiungo kinapata nafasi ya kusogea. Nafuu hiyo ni ya muda, pengine dakika chache, pengine saa kadhaa.

Jambo hilo lizingatiwe sana na watu wa kazi nzito, kwa sababu wao ndio hukosea upande wa nguvu. Aliyezoea kupasua mwamba kwa nyundo hudhani msuli nao unataka kupasuliwa. Ukiubonyeza hadi ukauma meno, msuli hujikaza kujilinda, na kesho yake unaamka na alama nyeusi juu ya maumivu yale yale.

Mpira wa kutumia

Mpira wa tenisi unafaa kuanzia. Una upana wa sentimita sita na nusu hivi na hubonyea kidogo. Mpira wa gofu ni mgumu mno kwa mgongo. Mpira ambao watoto hufunga kwa mifuko ya plastiki na kamba mara nyingi ni mkubwa mno, tena hupondeka ukiulalia.

Usipopata wa tenisi, jitengenezee kwa mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki, ule uliokwisha kuzibwa viraka hadi hauzibiki tena. Uoshe kwa sabuni, ondoa kipande chenye vali, kisha ukate kanda za upana wa vidole viwili. Anza na kitambaa kilichoviringwa kama maracuja changa. Zungushia ukanda wa kwanza ukiuvuta kiasi, geuza, zungushia wa pili ukikatiza wa kwanza, na uendelee kubadili upande kila mzunguko ili mpira usiwe na tumbo upande mmoja. Ukijaa kiganjani, chomeka ncha ya mwisho chini ya kanda nyingine. Bonyeza kwa dole gumba: ukikataa kabisa kuingia, umevuta kanda kwa nguvu mno, fungua urudie. Tengeneza miwili, kwa kuwa kazi nyingine zinataka miwili ndani ya soksi moja iliyofungwa fundo.

Namna ya kuutumia

Anza ukutani, siyo sakafuni. Ukutani unaamua mwenyewe uzito unaoupa mpira kwa kusogeza miguu mbele au nyuma. Sakafuni mwili wote unaangukia nukta moja. Tafuta sehemu inayouma, tulia hapo sekunde 30 hadi 60, ukitoa pumzi polepole. Kipimo ni mazungumzo: kama huwezi kumjibu mtu anayekusalimu bila kukunja uso, umezidisha. Usikae sehemu moja zaidi ya dakika mbili, na kazi yote isizidi dakika kumi. Ukimaliza, sogeza kiungo kile, inua mkono, tembea kidogo, maana nafuu isiyotumiwa kwa kusogea hupotea upesi.

Kwa motari, weka mpira kati ya uti wa mgongo na mfupa wa bega, kamwe usiuweke juu ya uti wenyewe. Jikumbatie ili mifupa ya mabega ifunguke, egemea ukuta, kisha inua mkono wa upande ule na kuushusha taratibu. Halafu kigasha, hasa cha mkono wa klachi: mpira juu ya kiti cha pikipiki iliyosimama na kuzimwa, kigasha juu yake, sukuma polepole kutoka karibu na kiwiko kwenda kwenye kifundo cha mkono. Zoezi hili linawezekana hata kwenye foleni ya kusubiri abiria, na sioni kwa nini chama cha wamotari kisilifundishe pamoja na kofia za kinga.

Mchimbaji atataka kuuweka kiunoni moja kwa moja. Asifanye hivyo. Sehemu ile ina uti wa mgongo katikati, na juu yake kuna mbavu za mwisho na figo. Aanzie kwenye makalio: asimame ubavu kwa ukuta, mpira nyuma kidogo ya nyonga, akunje magoti kidogo na kunyanyuka. Misuli hiyo hufanya kazi pamoja na kiuno kila anapoinama, na ikilegea, kiuno mara nyingi hupata nafuu. Mpira ukileta ganzi au moto unaoteremka mguuni, umegusa neva. Usogezwe mara moja. Kwa nyayo zilizoshinda ndani ya buti za mvua, aketi, aukanyage mpira na kuuviringisha kutoka kisigino hadi vidoleni.

Mama wa kamba ya paji la uso ana kazi ngumu kuliko wote, kwa sababu shingo yake ndiyo mhimili wa mzigo. Mipira miwili ndani ya soksi iwekwe chini ya kisogo, mmoja kila upande, naye amelala chali juu ya mkeka, akitikisa kichwa kidogo kana kwamba anakubali jambo. Mbele na pembeni mwa shingo pasiguswe kabisa: pana mishipa mikubwa ya damu. Mjamzito amwulize kwanza mkunga, na asilale chali muda mrefu.

Wakati wa kuuacha mpira na kwenda hospitali

Usitumie mpira penye kidonda, uvimbe mpya au mfupa unaoshukiwa kuvunjika. Shavu la mguu mmoja likivimba, likawa na joto na kuuma, huenda ni damu iliyoganda. Kulibonyeza ni hatari. Mgongo unaouma usiku, pamoja na kikohozi cha muda mrefu na kukonda, huenda ni kifua kikuu kilichoingia kwenye uti. Ganzi katikati ya mapaja, mkojo unaokwama au unaotoka wenyewe, mguu unaolegea ghafla: hayo ni ya siku hiyo hiyo, iwe hospitali ya Manguredjipa, au Matanda na Kitatumba za Butembo.

Homa pamoja na maumivu ya mwili mzima si uchovu wa kazi mpaka ipimwe. Mara nyingi ni malaria. Lakini sisi tunajua pia mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 kuanzia Mangina, ukafika hadi zoni ya afya ya Manguredjipa, na hadi ulipokwisha Juni 2020 ukawa umeua watu 2,287. Ebola nayo huanza kwa homa na misuli kuuma. Mwenye homa asikandwe na jirani wala asiazimwe mpira. Apelekwe kituo cha afya.

Kwa maPDG (wenye mashimo ya dhahabu) na viongozi wa wabebaji

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 619 waliishi na maumivu ya kiuno mwaka 2020. Mwongozo wake wa Desemba 2023 unaruhusu kuchua, lakini pamoja na mazoezi na mafunzo, siyo peke yake. Hakuna mpira utakaoshindana na kiroba kizito mno. Pendekezo namba 128 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1967, linataka mzigo unaobebwa na mwanaume mzima usizidi kilo 55, na wa wanawake uwe mdogo zaidi kwa kiasi kikubwa. Mfuko wa saruji wa kilo 50 tayari umekaribia mpaka huo, na kiroba cha mchanga ulioloa maji huuvuka bila kuonekana. Gaweni kiroba kimoja kuwa viwili, badilisheni zamu za kuinama, na mzigo wa kilo nyingi upewe chukudu badala ya mgongo pale njia inaporuhusu.

Tangu 2024 familia nyingi za sekta ya Bapere, ilipo Manguredjipa, zimekimbia mashambulizi ya waasi wa ADF, na wengine wanalala chini sakafuni kwa wenyeji Butembo. Kwao turubai lililokunjwa mara nne chini ya kiuno ni la lazima kuliko mpira. Penye mpira wa pamoja, uoshwe kwa maji na sabuni kila mtu anapomaliza, uanikwe ukauke, na ukianza kuchanika kanda, tengenezeni mwingine.