Imani ya Mpakani: Mafunzo Niliyopata Kati ya Busia na Tororo

Nimekulia Busia upande wa Kenya, na ujombani kwangu ni Tororo. Biashara ya mahindi imenifanya mtu wa kuvuka kila mara, kwa hiyo nimesali kuwili: kwa Waanglikana wa huku na wa kule, kwenye mikesha ya walokole, na kwenye mikutano ya injili yenye spika za kunyima mtaa mzima usingizi. Kanisa sikuliacha hata siku moja. Ila kwa miaka kadhaa nilikaa ndani yake na shaka moyoni, amina ikitoka mdomoni tu. Haya ndiyo yaliyonifunza katika miaka hiyo, wala sikuyapanga kwa uzito wake.

1. Mama aliyefiwa hapimwi imani

Mtoto wa dada yangu alizaliwa na selimundu, ile ambayo wengi huita sikoseli. Mtoto huirithi kwa baba na mama, kila mmoja akichangia upande wake. Muuguzi alitueleza kwamba maeneo kama yetu, ambako malaria imekaa vizazi na vizazi, yana watu wengi wenye kinasaba hicho, kwa sababu anayebeba kimoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Anayepata viwili ndiye anayeugua. Alisema kwa nia njema kabisa, ili tusitafute mchawi. Lakini hapo ndipo shaka iliponiingia sawasawa. Yaani kitu kilekile kinachomkinga mtoto huyu ndicho kinachomtesa ndugu yake? Nani aliyepanga hivyo?

Mtoto alifariki. Matangani, mhubiri mmoja mgeni akasimama na kusema kwamba imani ya nyumba hii ingekuwa timilifu, tusingekuwa tunachimba kaburi. Dada yangu aliinama. Mimi nilitoka nje.

Aliyetusaidia alikuwa bibi mmoja wa watu wa uamsho, wale wa zamani wa kuungama hadharani na kusalimiana kwa wimbo. Hakuhubiri. Aliosha masufuria siku mbili, kisha akamwambia dada, “Mwanangu, mimi nilizika watatu. Nilimuuliza Mungu, hajanijibu. Naendelea kumuuliza.” Sikuwa nimewahi kumsikia mtu aliyeokoka akisema hajajibiwa. Yohana anaandika kwamba Yesu alilia akielekea kwenye kaburi la Lazaro, na alilia akijua atamfufua. Mhubiri wetu hakuwa na nguvu za kufufua mtu, na machozi pia hakuwa nayo.

2. Dua haichukui nafasi ya pampu ya dawa

Nagongera, wilayani Tororo, watafiti waliokuwa wakinasa mbu mwaka 2011 na 2012 walikadiria kwamba mkazi mmoja aliumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Karibu kila usiku, kwa maneno mengine. Na watu wa kule wanaomba, nawajua. Kisha kuanzia Desemba 2014 wakaja vijana na pampu mgongoni, wakapuliza dawa kwenye kuta za nyumba, na malaria ikashuka kwa kiasi ambacho hakuna aliyekitarajia.

Wakristo wenzangu walifurahi, ilhali mimi nilinuna. Kama kazi ilikuwa ya pampu, zile dua za miaka yote zilikwenda wapi? Swali hilo nilitembea nalo muda mrefu, na sidai nimelimaliza. Nililoliona ni kwamba nilikuwa nimemgawia Mungu yale tu tusiyoyaelewa, na kila jambo lililoeleweka nikawa namnyang'anya. Kwa hesabu hiyo angebaki bila kazi, na imani yangu ingebaki ikiomba watu wasijue mambo. Siku hizi waliosomea wadudu nawaombea kwa majina.

3. Maaskofu wawili

Hili ndilo lililonishika zaidi, kwa hiyo mnivumilie.

Mwanzoni mwa Februari 1977, askari wa Idi Amin walipekua nyumba ya Askofu Mkuu Janani Luwum kule Kampala wakidai wanatafuta silaha. Tororo nako ilipekuliwa nyumba ya Yona Okoth, askofu wa Bukedi. Tarehe 16 mwezi huo Luwum aliuawa, na serikali ikatangaza kwamba ni ajali ya gari. Okoth alikimbia nchi, kama walivyofanya maaskofu wengine kadhaa. Amin akaanguka mwaka 1979. Okoth alirudi, na mwaka 1984 akawa Askofu Mkuu wa Uganda.

Miaka 13 baada ya kifo cha Luwum, zamu ikawa ya Busia. Alexander Muge, askofu wa Eldoret, alikuwa akiikosoa serikali ya Moi bila kumung'unya maneno. Waziri wa Leba, Peter Okondo, mbunge wa huku kwetu, akatamka hadharani kwamba Muge na Askofu Henry Okullu wakikanyaga Busia wataona moto na huenda wasitoke wakiwa hai. Muge alikuja. Ilikuwa tarehe 14 Agosti 1990. Alifika, watu wakamlaki, na akiwa njiani kurudi Eldoret gari lake likagongana na lori la maziwa. Akafa. Okondo alijiuzulu. Iliitwa ajali, na kuna wazee Busia ambao hadi leo ukilitaja neno hilo wanakutazama tu.

Basi nikawa najiuliza: yupi alikuwa na imani? Aliyekimbia akaishi, au aliyekuja akafa? Ahadi za ulinzi zilikuwa za nani? Kama Mungu alimwokoa Okoth, alimfanyia nini Muge? Niliwahi kuwauliza watu wa kwaya, wakaniambia niache kujaribu akili za Mungu.

Nikalipeleka swali hilo kwa mjomba, Tororo. Yeye ni mzee wa kanisa na mwaka 1977 alikuwa kijana mkubwa. “Mjomba,” nikasema, “kati ya hao wawili, nani alimwamini Mungu?”

Alichukua muda. Kisha akasema, “Mpwa wangu, Paulo alitoroka Dameski kwa kushushwa ukutani ndani ya kapu. Baadaye watu walimlilia asiende Yerusalemu, akaenda. Huyo ni Paulo mmoja.”

Basi. Hakuongeza neno, akaanza kuuliza bei ya mahindi. Lakini kuanzia siku hiyo niliacha kusoma imani ya mtu kwa kuangalia mwisho wake. Nilikuwa nimeingiziwa, sijui na nani, kwamba mwenye kuamini hapatwi. Imani ya namna hiyo ilistahili kufa, na shaka ndiyo iliyoiua.

4. Shaka nyingine ni mlinzi wa mlangoni

Kila upande wa mpaka una kidonda chake. Uganda ina Kanungu, ambako tarehe 17 Machi 2000 mamia ya waumini waliteketea ndani ya jengo lao la ibada. Kenya ina Shakahola, ambako kuanzia Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge mpaka wafe wamwone Yesu. Kote kuwili walikuwamo waliouliza maswali, na kuuliza kulihesabiwa dhambi. Wabadilishaji pesa wa mpakani hapa hushika noti, wakaigeuza, wakaiinua kwenye mwanga, na hakuna anayesema kwamba wanachukia pesa. Mhubiri akikataa kuinuliwa kwenye mwanga, mimi huondoka.

5. Kuna siku utaaminiwa na wenzako

Katika Injili ya Marko wanaume wanne walitoboa dari wakamshusha mwenzao aliyepooza, na Yesu akaitazama imani yao hao waliombeba. Ilikuwapo miezi ambayo sikuweza kuomba hata sentensi yangu mwenyewe. Nilisoma zilizoandikwa katika Kitabu cha Sala pamoja na wengine, wao wakimaanisha, mimi nikifuatisha. Sikuona mwanga wowote. Nilibebwa tu, mpaka siku moja nikagundua kwamba na mimi namaanisha, walau nusu.

Siku hizi baada ya ibada tunabaki watu wachache na kasisi, chini ya mwembe, kila mwenye swali alitoe. Juzi kijana wa boda boda aliuliza kwa nini malaika alimtoa Petro gerezani, ilhali Yakobo aliuawa kwa upanga mwanzoni mwa sura ileile ya 12 ya Matendo, na bila shaka naye aliombewa. Kasisi alifungua Biblia, akaisoma sura yote kimya, akasema hajui. Jumapili iliyofuata kijana alirudi, na nyuma ya pikipiki alikuwa amembeba mwenzake ambaye pia alikuwa na swali.