Mafunzo ya Awali ya Pikipiki: Usikubali Kuharakishwa

Nchini Uingereza, tangu mwaka 1990, anayejifunza pikipiki hutakiwa kwanza kukamilisha mafunzo ya awali ya lazima ndipo aendeshe barabarani peke yake. Huu si mtihani. Mkufunzi hukupa cheti pale tu anaporidhika kwamba utakuwa salama.

Utaanza kwa maelezo na kupimwa macho: yakupasa kusoma namba ya gari lililo umbali wa mita 20. Uwanjani utajifunza kuondoka, kubadili gia, kukata kona na kusimama kwa dharura. Hatimaye huja barabara yenyewe, kwa muda usiopungua saa mbili, mkufunzi akiongoza wanafunzi wasiozidi wawili. Hapa tunakusihi usilegeze kamba. Saa hizo ni haki yako. Mkufunzi anayezikata ili awahi kundi jingine amekuuzia karatasi.

Kozi hupangwa kwa siku moja, lakini wapo wanaohitaji ya pili, wala si aibu. Kabla ya kulipa, uliza iwapo ada inajumuisha siku hiyo ya ziada, pikipiki, kofia ngumu na bima.

Ukiwa na cheti na umri wa miaka 17, utaendesha pikipiki isiyozidi sisi 125, yenye vibao vya herufi L, bila abiria, na bila kuingia barabara kuu za mwendo kasi. Cheti hudumu miaka 2. Ikipita kabla hujapata leseni kamili, utarudia mafunzo yote na kulipa upya.