Mafuriko ya Mto Nzoia na Mahali Yanapoanzia

Watu wengi hudhani kuwa mafuriko huanza pale maji yanapofurika. Sivyo. Mara nyingi huanza mbali sana, katika mashamba ya milimani, na mwenye shamba hajui kuwa amewapelekea maafa watu asiowaona. Mto Nzoia watufundisha jambo hilo.

Mto huu hutoka katika milima ya Cherangani, na vijito vingi huuingia kutoka Mlima Elgon. Hupita katika nchi ya Kakamega karibu na Mumias, hupokea maji ya mto Isiukhu, kisha hushuka mpaka tambarare ya Budalangi na kuingia katika Ziwa Viktoria. Safari yake yote yapita kilometa 250. Ndiyo sababu huko Budalangi jua laweza kuwaka mchana kutwa, na usiku maji yakaingia nyumbani ghafula. Ni mvua iliyonyesha juu siku zilizotangulia.

Mwishoni mwa mwaka 1961 mvua kubwa mno ilinyesha katika Afrika Mashariki, hata kufikia 1964 maji ya ziwa yalikuwa yamepanda kwa zaidi ya meta 2. Baadaye Serikali ya Kenya ilijenga kuta za udongo kandokando ya mto huko Budalangi. Kuta hizo zilisaidia, lakini zilibomoka mwaka 2003, tena 2008, tena 2020. Kila mara maelfu ya watu walihama, wakiacha mahindi yao majini.

Kwa nini kuta hazitoshi? Jibu lake ni udongo. Katika msitu wa Kakamega, tone la mvua huangukia majani kwanza, kisha hunywewa polepole na ardhi. Katika shamba tupu lenye mteremko, tone hupiga udongo, huulegeza na kuuchukua mtoni. Mto ufikapo tambarare hupunguza mwendo, na ule udongo hutua chini. Mwaka hata mwaka kitako cha mto huinuka, na ukuta uliokuwa mrefu huwa mfupi, ijapokuwa hakuna aliyeupunguza.

Basi yampasa kila mkulima wa nchi ya juu afanye mambo matatu. Kwanza, alime kwa kukingama mteremko, wala asilime kwa kuufuata. Pili, ajenge matuta, na juu yake apande majani ya tembo, ambayo yatashika udongo na kulisha ng'ombe wake pia. Tatu, asilime mpaka ukingoni mwa mto, bali aache miti na nyasi zimee hapo.

Faida itakuwa ya wote wawili: wa chini atalala salama, na wa juu atabaki na udongo wake wenye rutuba, ambao ukisha kwenda ziwani haurudi. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa Nzoia huanzia shambani.